Vitovu Viwili Chini ya Mgomba

Ukifika Igamba ukamuulizia Bibi Gwantwa, hawatakuuliza Gwantwa yupi.

Watakuambia, "Yule aliyezika vitovu vya baiskeli?" Watacheka kwanza, ndipo wakuonyeshe njia.

Wanayemsema ni mimi.

Miaka sabini na moja, darasa la saba la zamani, magoti mabovu, macho mazima. Habari yangu imefika mpaka Tunduma. Wameisimulia kwenye harusi mbili na msiba mmoja, na kwenye msiba nasikia hata wafiwa walicheka.

Nimenyamaza mwaka mzima. Sasa nina simu yangu mwenyewe, ya kupangusa, na kidole cha kuandikia bado kinafanya kazi. Someni polepole, maana na mimi naandika polepole.

Tuanze na habu.

Habu ni kile kidude cha katikati ya gurudumu la baiskeli. Spoku zote zinatokea pale. Ndani mna ekseli, koni mbili za kuikazia, na gololi zinazoogelea kwenye grisi. Baiskeli inaweza kuwa na rangi ya kumeremeta na kengele ya kuimba, lakini habu ikiwa mbovu, umenunua kiti cha kukalia barabarani.

Nayajua haya kwa sababu marehemu mume wangu, Ambakisye, alikuwa fundi baiskeli pale Mlowo miaka thelathini na miwili. Banda lake lilikuwa nyuma ya wanunuzi wa kahawa. Yeye anagonga, mimi nasafisha gololi kwa mafuta ya taa ndani ya kopo la maziwa ya watoto. Nimepaka grisi habu nyingi kuliko mikate niliyowahi kupaka siagi.

Alipofariki aliniachia nyumba, migomba, kahawa kidogo, na sanduku la mbao lenye habu kumi na moja.

Watu wakaniambia nilitupe. Mimi nikaliweka sebuleni, nikalitandikia kitambaa nilichofuma mwenyewe, likawa kiti cha wageni.

Sanduku hilo liwekeni kichwani.

Sasa, mjukuu wangu Judith.

Ni mtoto wa binti yangu mkubwa. Namwita mke mwenza, maana marehemu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na wala hakujificha. Ana miaka ishirini na saba, anaishi Tunduma. Alikuwa anapeleka mizigo midogo ya wafanyabiashara kwa baiskeli, asubuhi upande huu, mchana upande wa Nakonde, Zambia. Kibemba anacho. Kiingereza cha kuelewana na mgeni anacho. Miguu ndiyo usiseme.

Mwaka jana akapata mchongo.

Kampuni moja ya kutembeza wageni ilikuwa inaleta watu kumi na wawili kwa baiskeli kutoka Zambia. Wanavuka mpaka Tunduma, wanashika barabara kuu mpaka Morogoro, siku kumi na mbili. Walitaka mwenyeji mmoja wa kuendesha nao. Akifika nao salama, kazi ni yake, kila msafara ni yeye.

Ila walikuwa na masharti. Baiskeli uje na yako. Ikikufia njiani unapandishwa kwenye gari la mizigo, na kazi inapandishwa pamoja na wewe. Na usipokuwepo mpakani Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, hawakungoji.

Fremu alikuwa nayo, chuma cha mtumba kizuri kabisa. Ringi mbili mpya alikuwa nazo, ngumu, matundu thelathini na sita kila moja. Alichokosa ni habu.

Akaja kwangu wiki tatu kabla ya safari.

"Bibi," akasema, "nichagulie."

Mimi ni mtu wa kupenda kuulizwa. Nikalivua sanduku kitambaa, nikazitoa zote kumi na moja, nikazipanga kwenye mkeka kama sahani za wageni.

Nikamwambia habu ya safari ndefu haichaguliwi kwa macho. Kwanza unahesabu matundu. Ringi ya thelathini na sita inataka habu ya thelathini na sita, hapo hakuna kubembelezana. Na matundu yakiwa mengi, mzigo unagawanyika. Spoku moja ikikatika, zilizobaki zinabeba msiba.

Zikabaki sita.

Kisha unashika ekseli kwa vidole viwili, unafumba macho, unazungusha. Ukisikia mchanga, weka kando, itaoshwa. Ukisikia kitu kimoja kinagonga palepale kila inapozunguka, bakuli la ndani limeliwa. Hiyo weka mbali zaidi, usiionee huruma.

Zikabaki tatu.

Hapo nikamuuliza swali ambalo Ambakisye alikuwa anamuuliza kila mteja.

"Hii ikikufia Nanyala, saa saba mchana, jua la utosi, utafanya nini?"

Akafikiri. "Nitaifungua."

"Kwa kifaa gani?"

"Kwa spana mbili."

"Na gololi?"

"Duka lolote linalouza tyubu."

"Basi hiyo ndiyo habu," nikamwambia. "Isiyoharibika haijazaliwa. Wewe chagua inayoharibika vizuri."

Akachagua mbili. Ya mbele nyembamba, ya nyuma nene, yenye uzi wa kufungia frii, ile ya meno inayoshika mnyororo. Nilizijua zote mbili. Ya nyuma ilikuwa imetembea na katekista mmoja miaka kumi na tisa, milimani kwetu Ileje, na ukizungusha huisikii.

Tulikuwa hapo, mikono imejaa grisi, mlango ukapigwa hodi na elimu.

Clever, mchumba wake.

Nimweleze Clever. Kijana safi. Viatu vyeupe msimu wa mvua na msimu wa vumbi, sijui anavifulia wapi. Alisomea Kiswahili chuoni, akapata diploma, akafungua duka la makava ya simu Tunduma. Lugha aliyosoma anaigawa bure. Ukisema neno analishika shati, analikagua kola.

Akakaa kwenye sanduku. Akatazama habu zangu kwenye mkeka jinsi daktari anavyotazama dawa za mitishamba.

"Mnafanya nini?"

"Tunachagua habu," nikasema.

Akatabasamu. "Bibi, kwanza siyo habu. Habu ni Kiingereza kilichovunjika mguu. Kwa Kiswahili sanifu tunasema kitovu. Kitovu cha gurudumu."

"Kitovu," nikasema.

"Umeona? Rahisi. Rudia."

Nikarudia. Nyumbani kwangu, mbele ya mjukuu wangu, nikiwa nimeshika habu niliyoipaka grisi kabla yeye hajajua kutambaa, nikarudia. Kitovu.

Halafu akatoa simu akatuonyesha video. Mzee mmoja wa kigeni, ndevu zimechanwa, yuko kwenye karakana yenye sakafu ya marumaru, vumbi halijawahi kufika pale hata kwa barua. Ameshika habu mpya, inang'aa. Clever akatutafsiria: vitovu vya siku hizi vimezibwa. Havifunguliwi. Havitaki grisi, havitaki gololi, havitaki chochote.

"Hivi vyako, Bibi, ni vya makumbusho."

Nikamuuliza hivyo vya kwake vina matundu mangapi. Akasema matundu siyo hoja tena, sasa hivi ni teknolojia.

Nikamuuliza kikimfia mtu Nanyala itakuwaje.

Akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Bibi, havifi."

Judith akanitazama mimi, akamtazama yeye. Msichana aliyechumbiwa shingo yake inazunguka kuliko habu. Akasema taratibu, "Bibi, Clever anataka kuninunulia. Ni zawadi."

Zawadi haibishaniwi. Habu zangu zikarudi sandukuni, Clever akanyanyuka kidogo kunipisha, akakaa tena.

Wiki ya kwanza ikapita. Clever anasema ameagiza Dar es Salaam. Wiki ya pili, anasema viko njiani. Judith anazunguka na ringi tupu kama mtu aliyealikwa kwenye ngoma akasahau ngoma yenyewe.

Kule Mlowo kuna fundi anaitwa Lusubilo. Alijifunza kazi kwa marehemu akiwa hana ndevu, leo ana mvi. Yeye ndiye alikuwa ayafunge magurudumu. Kila siku ananipigia. "Mama, vipi? Spoku sabini na mbili, kuzifunga na kunyoosha, siyo kupiga pasi."

Namwambia avumilie. Na mimi navumilia.

Alhamisi, siku nne kabla ya safari, simu ya zamani ya Judith, ile ndogo ya vitufe aliyoniachia, ikalia. Ujumbe kutoka kwa Clever. Nauandika kama ulivyokuwa, na nukta zake zote:

"Shikamoo Bibi. Vitovu viwili vitashushwa leo na basi hapo Mlowo. Naomba uvipokee na uvihifadhi kama inavyostahili. Asivifungue mtu yeyote mpaka nije mwenyewe Jumamosi. Clever."

Nikausoma mara tatu. Nikapanda pikipiki mpaka Mlowo. Konda akanikabidhi kiboksi kimefungwa gundi pande zote, chepesi kuliko umbo lake. Nikakipakata mpaka nyumbani.

Nikakaa nacho mezani nikawaza.

Kwetu kitovu kina utaratibu wake. Kikimdondoka mtoto, anakabidhiwa bibi. Bibi anakipeleka migombani, peke yake, haongei na mtu njiani, na mahali penyewe haonyeshwi mwanamume. Mama yangu alifanya hivyo kule Ileje. Mama mkwe wangu alifanya hivyo hapahapa Igamba, kwa watoto wangu wote watano.

Nikachukua jembe nikaingia migombani.

Jirani yangu, Mzee Kefa, ni mzee wa kanisa na mtu wa kuona. Alikuwa anafunga mbuzi. Aliniona naingia na jembe, akaniona natoka mikono ina udongo.

"Mama Gwantwa, kwema?"

"Kwema. Nimeletewa vitovu kutoka Dar."

"Vitovu?"

"Viwili."

Mzee Kefa akavua kofia. Akauliza polepole, "Vya nani?"

"Vya Clever," nikasema, nikaingia ndani kunawa.

Mengine aliyajumlisha mwenyewe. Hesabu zake zilikuwa za haraka. Jua halijazama, Igamba nzima inajua kwamba Judith amejifungua mapacha kwa siri, kabla ya ndoa, na Clever amevituma vitovu kwa basi kwa kuwa anaona aibu kuja.

Jumamosi asubuhi, Clever akafika na Judith. Lusubilo alikuwa ameshakuja na ringi za Judith begani na spoku kwenye mfuko.

Walikuta uani kwangu wanawake tisa. Wana unga wa uji, sabuni za miche, kanga mbili mbili, na mmoja ameleta beseni la kuogeshea. Judith akasimama na tumbo lake bapa, anatazama beseni.

Mzee Kefa akajikohoza. "Kijana, watoto umewaacha na nani?"

"Watoto gani?" akasema Clever.

"Wenye vitovu."

Clever akanigeukia. "Bibi, vile vitovu viko wapi?"

"Mwanangu," nikamwambia, "uliandika vihifadhiwe kama inavyostahili. Kwetu kitovu kinahifadhiwa wapi? Muulize mtu yeyote hapa."

Wale wanawake, kama wameambizana, wakatazama migombani.

"Umevizika?"

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Kefa akaapa kwamba aliniona kwa macho yake, na jembe. Mama mmoja akapiga kigelegele, yeye alikuwa bado yuko kwenye mapacha.

Hapo diploma ikamponyoka.

"Bibi, ni habu! Habu za baiskeli!"

Kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao.

"Ah," nikasema. "Habu. Si ulinikataza hilo neno?"

Lusubilo akageuka akawa anautazama ukuta. Mabega yanamtikisika.

Clever akauliza mgomba upi. Nikamwambia kwamba kwetu mahali penyewe haonyeshwi mwanamume. Judith akaanza kunisogelea, nadhani aniulize yeye, nikamtazama usoni. Yule mtoto ananijua. Akarudi akakaa.

Clever akachukua jembe mwenyewe.

Nina mashina hamsini na nane ya migomba.

Akaanza na la kwanza mlangoni mwa shamba. Viatu vyeupe vilikufa shina la tatu. Akavivua. Shina la saba akavua shati. Wanawake wakahamisha mikeka, wakakaa pembeni, wakawa wanamwelekeza. "Jaribu lile la kushoto, baba mapacha." "Chimba taratibu, usiwaamshe." Lile jina limemganda mpaka leo. Tunduma wanamwita Baba Mapacha dukani kwake.

Mchana akaja sebuleni kuomba maji. Akakaa kwenye sanduku, anahema, mikono imetoka malengelenge. Nikampa maji kwa bilauri ya wageni. Akasema, "Bibi, ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Alinionea huruma ya kweli.

Saa tisa, Lusubilo akaja mlangoni. "Mama, Jumatatu ni kesho kutwa. Kama kuna habu zifungwe leo, kama hakuna niende zangu nyumbani."

Judith alikuwa kwenye mkeka, ringi zimemlalia mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu matundu kwa kidole, moja mpaka thelathini na sita, halafu anaanza upya.

Nikalivua sanduku kitambaa. Nikafungua mfuniko kidogo, nikaingiza mkono, nikatoa zile mbili tulizochagua mwanzo. Nikafunga.

"Hizi za makumbusho zipo," nikasema. "Kama hamzionei aibu."

Judith akanyoosha mikono yote miwili.

Lusubilo alifunga spoku mpaka magharibi, akamalizia Jumapili baada ya ibada. Mimi nilipaka grisi. Tuligombana kidogo kuhusu koni: yeye anazikaza sana, marehemu hakuwa anakaza hivyo, na nilimwambia. Alipomaliza akaliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa kidole kimoja. Likazunguka, likazunguka, mpaka tukachoka kulitazama.

Clever alikuwa amefika shina la thelathini na nne. Akalaza jembe chini, akaondoka na basi la jioni. Hakuaga.

Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro, Judith alikuwa mpakani. Walipopita Mlowo tulikuwa barabarani, mimi na wale wanawake tisa na uji wao wa mzazi, maana unga ulikuwa umeshanunuliwa. Akanywa vikombe viwili bila kushuka kwenye kiti. Wageni nao wakaomba, wakapewa.

Sasa msidhani habu yangu ilikuwa ya miujiza.

Ilimharibikia Makambako. Ya nyuma, ile ya katekista. Gololi ilipasuka, ikaanza kulia kama mtoto wa mbwa. Akashuka kando ya barabara, akatoa spana mbili, akafungua, akafuta kwa kitambaa. Akanunua gololi duka linalouza tyubu na chumvi, akapanga tisa huku na tisa huku kwenye grisi niliyomfungia kwenye kichupa cha losheni. Haikufika nusu saa. Wageni walimzunguka wanapiga picha, na yule kiongozi wa msafara akaandika kitu kwenye daftari lake.

Karibu na Iringa, habu ya mgeni mmoja nayo ikafa. Ya kuzibwa. Haifunguliwi. Mzee wa watu, ndevu zimechanwa vizuri, alipanda gari la mizigo siku mbili, gurudumu amelipakata.

Judith alifika Morogoro kwa magurudumu yake. Jioni ileile wakampa mkataba.

Hadithi ambayo watu wanaijua inaishia hapo. Bibi mjinga alizika zawadi, Mungu akasaidia, mtoto akapata kazi. Amina.

Sasa rudini juu mkasome tena. Hakuna mahali niliposema nimezika.

Ile Alhamisi nilikifungua kiboksi.

Ndiyo, aliandika asifungue mtu. Nimekaa na fundi miaka thelathini na miwili. Kitu kikiandikwa usifungue, mkono wangu unawasha.

Zilikuwa habu nzuri, sikatai. Nyepesi kushika, zinang'aa mpaka unajiona meno. Nikahesabu matundu. Thelathini na mbili. Nikahesabu tena nikianzia upande wa pili, labda tundu linaweza kuzaliwa. Thelathini na mbili.

Ringi za Judith ni thelathini na sita. Hapo hata uombe mkesha, haziingiliani.

Nikasema moyoni, maskini Clever, kakosea. Nikataka kumpigia simu. Ndipo nikaiona risiti, imekunjwa chini ya boksi. Muuzaji alikuwa ameandika kwa kalamu, herufi kubwa:

"MTEJA AMEELEZWA HABU HIZI NI MATUNDU 32, HAZIFUNGIKI KWENYE RINGI ZAKE ZA 36. AMESEMA ZITUMWE HIVYOHIVYO. HATURUDISHI."

Na jina la Clever, kamili, la kwanza na la ukoo.

Alijua.

Nikakaa na ile karatasi mpaka chai ikapoa. Nikaelewa kwa nini zilichelewa wiki mbili. Nikaelewa kwa nini asifungue mtu mpaka Jumamosi. Kijana hakutaka mchumba wake aende siku kumi na mbili barabarani na wageni, na hakuwa na kifua cha kusema. Mwanamume anayesema "sitaki uende" unaweza kubishana naye. Anayekuzuia kwa zawadi utabishana naye vipi? Jumamosi jioni matundu yangekataa, angeshika kichwa, angesema pole mpenzi, ringi nyingine zinakuja Jumatano. Na Jumatatu ingepita.

Mtaniuliza kwa nini sikumwonyesha Judith hapohapo.

Kwa sababu Clever ana maneno, ameyasomea. Angeeleza, angelia, wangegombana siku mbili, wangepatana siku moja, na spoku zingebaki kwenye mfuko wa Lusubilo. Safari ingekufa kwa ugomvi badala ya kufa kwa matundu. Nikaamua kwanza gurudumu, mwanamume baadaye.

Basi nikazivingirisha zile habu kwenye kanga kuukuu, nikazilaza sandukuni chini ya zile kumi na moja. Zikawa kumi na tatu. Halafu nikachukua jembe nikaenda migombani kung'oa machipukizi, maana yalikuwa yamezidi. Kitovu kinahifadhiwa wapi, hilo niliuliza tu. Waliojibu ni wengine.

Na wewe Clever, ile Jumamosi ulipokuwa unanionea huruma na bilauri yangu mkononi, ulikuwa umevikalia.

Judith aliporudi nilimwekea ile risiti mezani, kando ya sahani ya maharage. Akaisoma mara mbili, mara moja amesimama, mara moja amekaa juu ya sanduku. Maharage hakuyagusa.

Akauliza, "Na vyenyewe viko wapi?"

"Nyanyuka," nikamwambia.

Jumapili iliyofuata Clever akaja na wajomba zake wawili kupanga siku ya ndoa. Suti, viatu vyeupe vipya. Judith akawakaribisha, akapiga magoti, akawaamkia kila mmoja kwa heshima yake. Kisha akaleta sinia lenye zile habu mbili, limefunikwa kile kitambaa changu cha kufuma, akaliweka mbele ya mjomba mkubwa. Juu yake ile risiti. Akamwomba amsomee kwa sauti, kwa kuwa yeye maandishi yale yalimshinda kuamini.

Mzee akavaa miwani. Akasoma mpaka "hazifungiki". Mengine akayamalizia kwa macho tu. Akamtazama mtoto wa dada yake kwa muda mrefu.

Judith akasema, "Wajomba, nisameheni kwa usumbufu. Nimejaribu. Haviingiliani."

Hakumtazama Clever. Aliyasema kwa wajomba, kwa upole, akaenda kuwaletea chai, na chai waliinywa, maana siyo wao waliokosea.

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu. Mtu akikuona mjinga, usikimbilie kumkatalia. Amekupa shuka. Jifunike, ufanye kazi yako.

Na nyie mabinti mnaochagua, msichague kwa kung'aa. Shika kwa vidole viwili, fumba macho, zungusha, sikiliza. Kila kitu kitaharibika siku moja kule Nanyala, saa saba mchana. Ukiambiwa hiki hakifunguliwi, uliza kwanza ndani mna nini.

Mimi jina langu sitaki lisafishwe. Wanaonicheka waendelee tu, wameshazoea.

Ila Clever, najua unapita kwenye kurasa hizi. Yale mashina thelathini na manne uliyoyachimbia mizizi yamezaa mwaka huu mikungu mpaka tunaiegemezea miti isianguke. Yale ishirini na manne uliyoyaacha yamekaa vilevile, yamenyong'onyea.

Karibu uchukue mkungu.

Uje na jembe.